Kinanda Chenye Jicho Usoni

Simu ile ilikuwa na jina refu la kiwandani, herufi na tarakimu zimefuatana kama namba ya gari, lakini mtaani hakuna aliyelijua wala aliyejisumbua kulijua. Watu waliiita Kinanda. Kilipiga muziki mpaka mabati yakaitikia, kilishika redio, kilipiga picha na kuonyesha filamu, na mwenye nacho hakuhitaji kujitambulisha popote. Sauti yake ilitangulia kufika. Kinyozi alikuwa na Kinanda. Muuza mkaa alikuwa nacho, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni kisichafuke. Hata mama yake Fundi, aliyeapa kwamba uzeeni hatabeba redio mfukoni kama kijana asiye na kazi, alikuwa nacho, na alikilaza karibu na mto wake.

Fundi peke yake ndiye hakuwa nacho, na hakuna aliyeshangaa. Fundi alikuwa kiziwi. Kiziwi na Kinanda, wapi na wapi?

Alikuwa mshona nguo, mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu, na sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa, ambalo watoto waliopita walikuwa wakiliamkia kwa adabu zote. Ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa kinyozi, na muziki wa kinyozi ulipita ukutani, ukaingia mezani, ukapanda mikononi mwake. Hivyo Fundi aliujua wimbo mpya kwa viganja vyake hata kabla ya wateja wenye masikio mazima. Hakukihitaji Kinanda kwa muziki. Alichokikosa kilikuwa kingine.

Alikosa pacha wake.

Walizaliwa pamoja, viziwi wote wawili, wakasoma pamoja shule ya viziwi, wakagombana pamoja kwa mikono tangu kuamka hadi kulala. Mama yao alijifunza ishara zote walizokuja nazo kutoka shuleni, kwa sababu, alisema, hakukubali binti zake wamsengenye mbele ya macho yake. Kisha pacha akaolewa na dereva wa lori, mtu mwema aliyejifunza ishara kwanza ndipo akaja kuposa, akampeleka kwao, mbali, safari ya kutwa nzima na zaidi. Tangu hapo mapacha waliandikiana ujumbe kwenye simu ndogo za kawaida. Mzima? Mzima. Mama je? Mama mzima. Lakini utani wa pacha ulikuwa kwenye nyusi zake, kwenye mabega, kwenye kidole kinachopinda mwishoni mwa neno. Maandishi hayana nyusi. Kila Fundi aliposoma ujumbe wa ndugu yake, alihisi amelambishwa kijiko kitupu.

Ndipo toleo jipya la Kinanda likaja.

Muuza simu alibandika tangazo kubwa mlangoni mwa duka lake. Mtu huyu aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alivaa suti jua likiwaka na jua lisipowaka. Watu wakajipanga kuanzia asubuhi. Sauti imeongezwa! Picha zinang'aa zaidi! Nyimbo zinaingia mara mbili ya zile za mwanzo! Fundi alipita akielekea kununua uzi, akasimama. Hakutazama maandishi. Alitazama picha: msichana ameshika Kinanda kipya mbele ya uso wake, na ndani ya kioo cha simu kuna mtu mwingine anayemtazama yeye, anacheka, anampungia mkono.

Anampungia mkono.

Fundi akarudi nyumbani bila uzi, akamshika mama yake mkono.

"Mama, mwambie hiki ni cha muziki," Mheshimiwa alisema walipofika kaunta, akimwelekea mama kana kwamba Fundi alikuwa amebaki nyumbani. "Nikimuuzia mtu asiyesikia, watu watasema namwibia."

Mama akatafsiri. Fundi akajibu kwa mikono, na mama akacheka kabla hajatoa neno.

"Anasema hiyo sauti unaweza kumwondolea ubaki nayo. Yeye anataka kitundu."

"Kitundu gani?"

Fundi akagusa simu ya maonyesho juu ya kioo chake, mahali palipokuwa na tundu dogo kama kichwa cha pini.

"Aa! Kamera ya mbele!" Mheshimiwa akapunga mkono. "Ya kujipiga picha hiyo. Unaweza hata kuonana na mtu mnapoongea, ila sijaona mwenye haja hiyo. Mtu akitaka kuongea si anaongea tu?"

Mama akatafsiri tena. Safari hii Fundi alijibu polepole, akimtazama Mheshimiwa machoni.

"Anasema mwenye haja hiyo ndiye huyu amesimama mbele yako," mama akasema. "Na anataka viwili."

Mheshimiwa akazifunga simu mbili bila kubishana tena, jambo ambalo waliokuwa kwenye foleni walilisimulia baadaye kama tukio kubwa kuliko simu yenyewe.

Njiani mama ndiye aliyekuwa na mengi. Fedha ile ilikuwa ya sare za shule, kazi ya msimu mzima, na bati la jikoni lilikuwa linavuja. Alisimama katikati ya barabara ili apate nafasi ya kulalamika kwa mikono yote miwili.

"Bati likivuja nitaweka ndoo," Fundi akamjibu. "Pacha wangu je, nimwekee nini?"

Mama akashusha pumzi, akachukua kifurushi akakibeba yeye mwenyewe.

Shemeji alipopita na lori lake akapewa Kinanda kimoja, kimefungwa ndani ya kitenge, kitenge ndani ya sanduku, sanduku ndani ya onyo la mama. Siku zilizofuata Fundi alishona kombokombo. Alimwekea mteja mmoja mfuko mgongoni. Kisha mchana mmoja Kinanda chake, alichokuwa amekiegemeza kwenye pasi ya mkaa, kikawaka.

Alipobonyeza, aliona paji la uso.

"Shusha simu!" akaashiria. "Sikukununulia simu nije niongee na nywele zako."

Picha ikayumba, ukapita ukuta, likapita dirisha, ukapita mguu wa meza, kisha pacha akatokea mzima, uso na mabega na mikono, mikono ile ile. Wakaanza wote wawili kwa pamoja, wakaacha, wakaanza tena kwa pamoja. Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Hawakuwahi kupishana tangu tumboni.

"Umezeeka," pacha akasema.

"Na wewe umenenepa."

Pacha akacheka, bega moja likapanda, nyusi zikaenda juu, na Fundi akahisi kifua kimejaa, maana huo ndio utani wenyewe, umefika mzima haukumwagika njiani.

"Sikunenepa," pacha akasema. "Nina…"

Picha ikaganda. Mkono wa pacha ulibaki hewani mbele ya tumbo, neno limekatika nusu.

"Nina nini?" Fundi akauliza kioo. "Nina njaa? Nina ugonjwa?" Akakitikisa Kinanda, akakipangusa kwa gauni la mtu, akakipandisha juu ya cherehani, akakitoa nje dirishani kama anayekipunga hewa. Mama akaingia akamkuta amesimama juu ya stuli. Hapo ndipo picha ilipozinduka, na mikono ya pacha ikamalizia neno: mkono mmoja juu ya mwingine, inabembea.

Mtoto.

Fundi alikuwa na sauti, ila hakuitumia. Shuleni walimcheka nayo, akaifungia ndani. Siku ile ilitoka yenyewe. Kinyozi alikuja mbio, mashine ya kunyolea mkononi bado inanguruma, akidhani kuna mtu ameungua. Alimkuta mama amekaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa, analia na kucheka, na Fundi anaibusu simu.

Kutoka siku hiyo Kinanda hakikupoa. Fundi alishona mkoba mdogo wenye dirisha, wa kuning'inia ukutani usawa wa kifua, ili mikono yote miwili ibaki huru, akamtumia ndugu yake wa kwake wenye lesi. Walizungumza wakishona, wakipika, wakifua. Walizungumza midomo imejaa chakula, jambo ambalo wenye kutumia sauti hawaliwezi. Waligombana juu ya jina la mtoto, wakanuniana wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze kucheka. Na tumbo la pacha likazidi kukua ndani ya dirisha lile, mpaka likawa linaingia kwenye picha kabla yake.

Siku yenyewe ilipofika, jua lilikuwa limeshapanda. Shemeji alikuwa barabarani na lori, mahali pasipo na mtandao. Pacha alikuwa ameandika ujumbe alfajiri: uchungu umeanza, jirani ananipeleka hospitali. Kisha kimya. Fundi akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda vitani.

Mwishowe kioo kikafunguka, lakini aliyetokea hakuwa pacha. Alikuwa mwanamke mgeni, kofia ya kijani, uso umezibwa kuanzia pua kwenda chini.

"Nani mwenzangu?" sauti ikauliza.

"Mimi ni mama yake mzazi," mama akasema. "Na huyu ni pacha wake. Wewe je?"

"Mimi mkunga. Afadhali mmepiga, mama! Simu ilikuwa inawaka ndani ya mkoba wake. Mwanao ameshikilia kitanda, hataki kukiachia. Mtoto amekaa kiubavu, hawezi kutoka mwenyewe, lazima mwanao afanyiwe upasuaji, na usichelewe. Tumejaribu vidole, tumejaribu kuandika, yuko kwenye uchungu hasomi. Daktari akamchorea picha, ndiyo kwanza tukaharibu. Amempiga daktari teke."

Mama alikuwa anatafsiri, ishara zikipandana mikononi. Fundi akamshika viganja, akamtuliza, kisha akaashiria kwa kifupi: "Amgeuzie simu."

Pacha akatokea. Nywele zimemlowa, macho yamemtoka, mkono wa kushoto umekamata chuma cha kitanda mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Alipomwona ndugu yake, mkono wa kulia ukaruka hewani.

"Mtoto amekufa," akasema kwa mkono ule mmoja. "Wanataka kumkatakata wamtoe."

"Nani amekwambia?"

"Wamechora kisu tumboni. Midomo wameiziba, siwezi kuisoma. Wananitazama kwa huruma."

Uso wa Fundi haukubadilika. Alijua ndugu yake anausoma kuliko kitabu chochote. Akamgeukia mama.

"Muulize: moyo wa mtoto unapiga?"

"Unapiga!" mkunga akajibu. "Tunausikia kwenye mashine hapa, unapiga vizuri, lakini unaanza kuchoka."

Fundi akamfikishia pacha. Pacha akatikisa kichwa.

"Wanasikia wao. Mimi nitajuaje?"

Hapo Fundi aliweka viganja juu ya meza yake ya kukatia. Kinyozi alikuwa amewasha muziki, na ngoma ilikuwa inapanda kwenye viganja vyake kama kila siku. Akamgeukia mama haraka.

"Mwambie mkunga amshike mkono. Moyo ukipiga, naye ampige kidole. Kila pigo, kidole. Asikose hata moja."

Mkunga alielewa mara moja. Aliweka simu juu ya mto, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakishika kiganja cha mgonjwa, akainamisha kichwa kusikiliza, na kidole chake kikaanza. Kilikimbia kama sindano ya cherehani. Pacha alikitazama kile kidole, kisha akatazama tumbo lake, na uso wake ukaanza kufunguka, kidogo kidogo, kama mtu anayetoka gizani.

"Ni yeye huyu?" akauliza.

"Ni yeye. Amekaa vibaya tu, amekurithi wewe. Watakupasua kidogo wamtoe mzima, hutasikia maumivu, na watakushona. Wakikushona vibaya nitakuja kurekebisha mwenyewe."

Mkono wa kushoto wa pacha ukaachia chuma.

"Usiondoke," akasema, sasa kwa mikono yote miwili.

"Siondoki."

"Hata nikiingia kule ndani?"

Mama akauliza kwa sauti. Upande wa pili ikasikika sauti ya mwanamume: "Simu? Ndani ya chumba cha upasuaji?" Mkunga akasema jambo ambalo mama hakulikamata. Daktari akasogea mpaka macho yake yakajaa kioo, akamtazama yule mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni.

"Ipanguseni kwa dawa, itieni kwenye mfuko safi," akasema. "Ikae upande wa kichwa. Nahitaji mgonjwa anayejua ninachomfanyia. Mama, kaa karibu na simu hiyo."

Wakaingia.

Kinanda kipya kilikuwa na sifa nyingi, ila chaji yake ilikwenda kama maji kwenye ungo. Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni akifuatilia, aliona alama nyekundu ikiwaka. Alirudi kwake akachomoa mashine yake, akavuta waya mrefu wa umeme dirishani, na mteja wake mwenye nusu ya ndevu akamfuata ameubeba mwisho wa waya kama anayebeba mkia wa gauni la bibi harusi. Mheshimiwa naye alikuwa amefika na suti yake. Muuza mkaa akaja. Wanawake waliokuja kuchukua nguo wakabaki.

Fundi hakuwaona. Alikuwa na uso mmoja tu.

"Sasa wanakuchoma sindano mgongoni. Usitikisike."

"Miguu yangu imepotea."

"Mkunga anasema ipo. Ingekuwa mizuri wangeiiba."

Pacha akacheka, machozi yakamtelezea masikioni.

"Sasa wameanza. Daktari anasema umetulia vizuri. Utahisi mtu anakuvuta, kama anayetafuta kitu kwenye mfuko. Anamtafuta mtoto."

"Mbona umenyamaza? Sema."

"Anatafuta bado. Nitazame mimi. Usitazame pengine."

Mikono ya Fundi ilikuwa inauma. Mama alikuwa ameinama, sikio limegusa Kinanda, macho ameyafumba. Fundi alimtazama pacha, akamtazama mama, pacha, mama. Na kisha akaona paji la uso la mama likikunjuka, mdomo ukifunguka, na mikono ile mizee ikipanda juu kabla hata hajafumbua macho.

"Analia!"

Fundi akamgeukia ndugu yake, mikono ikatoka kama ndege.

"Analia! Mtoto analia!"

"Kwa nguvu?"

"Mama anasema anafoka kama mwalimu wa zamu!"

Kisha mkunga akatokea upande wa picha na kitu kidogo chekundu kilichokunjamana, chenye mdomo wazi, akakilaza kwenye shavu la pacha. Msichana. Pacha hakuashiria kitu. Alimwekea mtoto kiganja kifuani, akakaa hivyo, akihisi kilio kile kikitetemeka chini ya vidole vyake. Kisha akainua mkono mwingine, akamwambia ndugu yake:

"Namsikia."

Chumba cha Fundi kililipuka. Watu walipiga kelele, kinyozi akamkumbatia mteja wake, Mheshimiwa akatoa kitambaa cha suti ambacho hakuwahi kukitumia akajipangusa macho. Mama akawageukia.

"Mnampigia nani kelele?" akafoka huku analia. "Hawasikii hawa! Inueni mikono! Mikono juu, mtikise, hivi!"

Wakainua. Fundi alipogeuka aliona viganja vimejaa chumba, vimejaa mlango, vimejaa mpaka barabarani, vyeusi vya mkaa, vyeupe vya sabuni ya kunyolea, vyote vinatikisika hewani kama majani kwenye upepo. Akakishika Kinanda akakigeuza, ili pacha naye aone.

Shemeji alipata habari jioni, mtandao ulipomkuta njiani. Aliegesha lori, akapiga honi mpaka madereva wengine wakaja kumuuliza anataka nini. Mheshimiwa aliligeuza tangazo lake. Badala ya sauti akachora kwa rangi mikono miwili, kisha akaja kwa Fundi kuuliza kiziwi akiingia dukani anasalimiwaje. Alikuwa mwanafunzi mzito wa vidole, lakini hakukata tamaa, na wateja wakaanza kumjia kutoka mitaa ya mbali, wawili wawili, maana simu ile walinunua mbili mbili.

Pacha alipona. Mtoto akanenepa. Na wiki kadhaa baadaye, Fundi akiwa anampima bibi harusi gauni, pini zimejaa mdomoni, mama amemshikia pindo, Kinanda kikawaka ukutani kwa namba ya mkunga.

"Shikamoo, mama," mkunga akasema, safari hii uso wake uko wazi, mviringo, unatabasamu. "Najua mna kazi. Lakini tumeletewa kijana hapa, fundi mwashi, ameanguka kutoka kwenye jengo. Ni kiziwi. Hatujui wapi panamuuma, naye hajui sisi ni akina nani. Nikasema kuna watu ninaowafahamu."

Mama akatafsiri. Fundi akazitema pini, akamwomba bibi harusi radhi kwa kiganja kifuani, akasimama mbele ya dirisha lile dogo. Kioo kikageuzwa. Kijana mwenye vumbi la saruji nyusini, amejikunja kitandani akiegemea ukuta, alimtazama bila matumaini, kama mtu aliyekwisha kutazamwa na wengi.

Fundi akainua mikono, akamsalimu.

Kijana akainuka kitandani ghafla mpaka mkunga akamdaka bega. Mikono yake ikaanza kusema mambo mengi kwa pamoja, haraka haraka, mguu, mbavu, ngazi iliyovunjika, mke wake nyumbani ambaye hajaambiwa.

"Polepole," Fundi akamwambia, na kwa mguu akamsogezea bibi harusi stuli akae. "Niko hapa. Anza mwanzo."